Kabidhini Mashamba Mkiwa Hai

Kwetu Kilimanjaro, ukoo huanza kuzungumza habari za shamba siku ambayo mwenye shamba hawezi tena kujibu. Amezikwa jana mgombani. Turubai halijafunguliwa, masufuria ya msiba hayajarudishwa kwa majirani, na tayari baba wakubwa na baba wadogo wamekaa kwenye mabenchi wanaulizana: mzee alisema nini kuhusu kihamba, shamba hili la nyumbani? Hakusema. Kijana mmoja alidokezwa kwamba upande wa juu ni wake. Mwingine aliahidiwa upande huohuo siku mzee alipokuwa na furaha ya pombe ya mbege. Binti aliyemwogesha na kumlisha hadi pumzi ya mwisho hakuambiwa neno. Kikao kinampendekeza msimamizi wa mirathi, na mara nyingi huwa ni mtoto wa kiume mwenye kazi ya maana mjini, ambaye hajapogoa mbuni hata mmoja tangu amalize shule. Wanaotoka kwenye kikao hicho wanarudi makwao wakiamini wamelinda urithi. Wameuua.

Halafu katika kikao hichohicho atasimama mtu mzima na kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kilimo. Nimeisikia kauli hiyo misibani, kanisani na redioni, na naikataa kwa nguvu zangu zote. Ni uongo unaowafariji wenye hatia. Shamba la familia halifiki kizazi kinachofuata kwa sababu wenye mamlaka juu yake hawataki kuyaachia wakiwa hai, na kifo kinapowapokonya mamlaka hayo, hayaendi kwa mtu anayelima. Sababu nyingine zipo, na nitazitaja. Shina ni hilo.

Tujue kwanza kinachopotea. Juu kabisa ya kihamba imesimama miringaringa na migrivea. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na viazi vikuu, na ubavuni zizi la ng'ombe anayelishwa ndani, ambaye samadi yake inarudi kwenye mashina. Maji yalishuka kwa mifongo, mifereji waliyochimba mababu na kuilinda kwa zamu. Watafiti waliopima vihamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta wastani wa eneo ni hekta 0.68, pungufu ya ekari mbili, na wakahesabu humo zaidi ya aina 100 za mimea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, kule Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Kahawa ya vihamba hivyo ndiyo iliyowafanya wakulima wa mlimani waunde chama chao, KNPA, mwaka 1925, na kisha chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, katikati ya ukoloni. Kahawa hiyo ililipa ada za shule za watu ambao leo ni madaktari, wanasheria na wakurugenzi.

Kilimo cha namna hiyo hakikabidhiwi kwa karatasi peke yake. Mgomba upi ukatwe na upi uachwe, maji yaelekezwe wapi mvua zikichelewa, mti upi ukiondolewa mibuni iliyo chini yake itaungua na jua: hayo hujifunza mtu anayetembea nyuma ya mwingine shambani miaka na miaka, kisha akaachiwa aamue mwenyewe huku mwalimu wake akiwa bado anaona. Mzee akifa kabla ya hilo kutendeka, watoto wanabaki na ardhi tu. Ardhi tupu huuzwa.

Wazee wanaoshikilia shamba hadi kaburini husema hiyo ndiyo mila. Si kweli. Kwa mila ya Wachagga, baba alimtafutia mwanawe wa kwanza kihamba alipooa, akamkabidhi, na kijana akaanza mji wake akiwa na nguvu zake zote. Kitindamimba alibaki na wazazi, akawatunza, na kihamba cha nyumbani kikawa chake. Wa katikati walikwenda kwa mangi, mtawala wa eneo, kuomba, au walifyeka mahali papya. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyetafiti mlimani kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro mwaka 1986, alieleza kwa kina jinsi utaratibu huo ulivyobanwa ardhi ilipopungua, na jinsi watoto wa katikati walivyoangukia patupu. Umangi ukafutwa baada ya Uhuru. Mapori nayo yakaisha. Hayo siyakatai. Lakini tazama baba zetu walichokitupa ndani ya mila hiyo na walichokihifadhi. Wametupa wajibu wa kumkabidhi kijana siku anapooa. Wamehifadhi haki ya kuwa wasemaji wa mwisho.

Matokeo yake yako mbele ya macho yetu. Mchukue kijana wa miaka 30 aliyebaki nyumbani. Anaamka alfajiri, anakata majani ya ng'ombe, anapalilia, anavuna, anabeba. Mibuni anayoihudumia ni mizee, inashambuliwa na chule buni na kutu ya majani, na inataka dawa ambayo bei yake inameza faida. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko Lyamungo, si mbali, na ina miche ya aina zinazostahimili magonjwa hayo. Anataka kung'oa mibuni mizee kwa awamu na kupanda mipya, ambayo itaanza kumpa kahawa baada ya miaka mitatu hivi. Anamwendea baba. Baba anasema: mibuni ya marehemu baba yangu haing'olewi na mtu. Anaomba basi kona ya chini apande parachichi. Hapo pia anakataliwa, kwa sababu kila mtu kijijini anajua kwamba anayepanda mti wa kudumu ameanza kudai ardhi. Jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika ni la baba. Malipo ya kahawa yanapokelewa na baba. Akitaka mkopo wa ng'ombe wa maziwa, hana cha kuonyesha mahali popote kwamba yeye ni mkulima. Ana nguvu za mtu mzima na mamlaka ya mtoto wa darasa la tatu. Mwaka mmoja anapanda basi kwenda Arusha kuendesha bodaboda ya mtu mwingine, kwa sababu angalau huko jioni anashika hela iliyo yake. Ukoo unamwita mvivu.

Mtaniambia ni bei. Ni kweli bei iliumiza. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, soko liliporomoka, na ruhusa ya wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990 iliwakuta wakulima wetu na ushirika dhaifu, uliokuwa umeshafutwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980 ukiwa hoi. Watu waling'oa mibuni kwa hasira, na siwalaumu. Lakini bei mbaya humtaka mkulima abadilike haraka, na anayeweza kubadilika haraka ni yule mwenye nguvu na mwenye ruhusa. Sisi tumevitenganisha vitu hivyo viwili. Nguvu ziko kwa kijana, ruhusa iko kwa mzee, na kati yao hapapiti mazungumzo. Palepale mlimani, kwenye udongo uleule na bei ileile, utakuta kaya iliyoachiwa mapema inauza maziwa, mboga, ndizi na parachichi, na jirani yake kuna kihamba cha mzee wa miaka 80 kilichogeuka kichaka huku wanawe watatu wakipanga vyumba mjini.

Sasa nije kwa wale ambao ukoo hauwataji kabisa. Nani analima Kilimanjaro? Mama. Nani alikuwa akipanda kutoka nyikani na mzigo wa majani kichwani kwa ajili ya ng'ombe wa ndani? Mama na binti zake. Nani anarudi nyumbani ndoa inapovunjika, au anaacha kazi yake wazazi wanapougua, na kuishi pale miaka yote ambayo kaka zake wanatuma salamu? Dada. Huyo anakijua kihamba kuliko mwanasheria yeyote wa ukoo. Baba akifa anapewa muda wa kufungasha. Wanamwambia kihamba ni cha ukoo, na yeye ni wa kuolewa. Kama ndoa ilimshinda, hilo ni lake.

Nchi hii ina sheria mbili zinazotazamana kwa uso mkavu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Wakati huohuo lipo Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi za makabila ya ukoo wa baba, ambalo linamweka binti daraja la mwisho, linambana asiuze ardhi ya ukoo, na linamwambia mjane kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia halali kisha akaliuza, na mtoto wa ndugu yake akaja kudai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema ana haki sawa na mwanamume. Tulidhani jambo limekwisha. Halikwisha. Wajane wawili wa Kisukuma wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani mwao walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua na bado ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Walikwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Mjane asafiri hadi Umoja wa Mataifa kutafuta kile ambacho shemeji yake angeweza kumpa kwa sentensi moja kwenye kikao cha ukoo! Hii ni aibu yetu, na haiko kwa Wasukuma peke yao. Iko mezani kwa kila ukoo unaomtumia dada kama mfanyakazi asiye na mshahara, kisha unamwita mgeni.

Hata ukiweka haki kando kwa dakika moja, tazama hasara yake kwa shamba lenyewe. Familia yenye watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu, imeshaamua kabla ya kuanza kwamba watatu hawastahili kuwa wakulima. Kama mwenye moyo wa kulima yuko kati ya hao watatu, shamba limeshakosa mrithi wakati mrithi amesimama palepale na jembe mkononi.

Najua hofu ya wazee, na siidharau. Mkulima hana pensheni. Ardhi ndiyo pensheni yake, bima yake na heshima yake. Wako wazee waliokabidhi kwa moyo mweupe wakaishia kuomba chumvi kwa mkwe. Wako waliosikia mwana akisema sasa hapa ni kwangu. Mtu akiyaona hayo kwa jirani, atakishika kihamba chake kwa mikono miwili. Pia wengi wanaamini kwamba kuandika wosia ni kujichuria, kwamba anayezungumzia mirathi ya mzee aliye hai anamtakia kifo. Hofu hizo zinahitaji jibu. Jibu lipo, na wala si geni kwa mkulima: makubaliano yaliyoandikwa. Mzee anabaki na nyumba yake hadi mwisho. Anapata maziwa yake kila siku na sehemu ya kahawa kila msimu, kiasi kikitajwa. Mahali pa kaburi lake panatajwa. Anayekabidhiwa anapewa uamuzi wa kupanda, kung'oa na kuuza mazao, lakini hana ruhusa ya kuuza ardhi wazazi wakiwa hai. Mambo hayo yanapelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, yanashuhudiwa, na hati ya hakimiliki ya kimila inaandikwa majina zaidi ya moja. Wosia nao unaweza kuhifadhiwa kwa wakala wa serikali, RITA. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali tunayoiendesha bila daftari kwa ukaidi kama shamba la familia.

Mzee asiyefanya hivyo hajipatii usalama. Anaahirisha vita tu, ili ipiganwe akiwa hawezi kuamua ugomvi. Faili linafunguliwa mahakama ya mwanzo, msimamizi anateuliwa, orodha ya mali haipelekwi kwa wakati, pingamizi linafuata pingamizi, na kila tarehe ya kesi inalipiwa nauli na ndizi zilizouzwa kutoka shamba linalogombewa. Wakati huo magugu hayasubiri hukumu. Vita vya panzi furaha ya kunguru: dalali amesimama barabarani na mnunuzi wake, anasubiri ndugu wachoke.

Wakichoka hugawana, na hapo ndipo shamba hufa mara ya pili. Chukua zile hekta 0.68. Wagawie watoto wanne, kila mmoja anapata mita za mraba 1,700. Kila mmoja naye awe na watoto wanne: wajukuu wanapata mita za mraba 425, yaani kiwanja cha nyumba na choo. Hakuna mbuni utakaomlisha mtu hapo, wala ng'ombe, wala mfongo utakaopita. Serikali za jirani zimejaribu kulizuia hili kwa sheria. Rwanda, katika sheria yake ya ardhi ya mwaka 2013, ilikataza kugawa shamba ikiwa kipande kitabaki chini ya hekta moja, na familia zikaendelea kugawana kimyakimya bila kusajili, kwa sababu wengi hawakuwa na hekta moja tangu mwanzo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 68, iliagiza itungwe sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi binafsi, na agizo hilo likaishia kwenye mabishano wakati mashamba ya Kisii na Vihiga yakizidi kukatwa vipande. Sheria haiwezi kufanya kazi ambayo familia inakataa kuifanya. Familia ndiyo yenye uwezo wa kusema: kihamba hiki kitalimwa kizima na mmoja wetu au wawili, na wengine watafidiwa taratibu, au watasamehe.

Hapa nawageukia wenzangu tunaoishi mjini, kwa sababu tumejificha nyuma ya wazazi kwa lawama ambazo ni zetu pia. Tuna mishahara, tuna biashara Kariakoo, tuna viwanja Goba na Kigamboni, na bado tunapanda mlimani kudai kipande. Tunang'oa mibuni ya kipande hicho tunajenga nyumba ya ghorofa yenye vioo vya rangi, tunaweka mlinzi, na tunaifungua wiki moja ya Desemba. Mdogo wetu anayelima pembeni anatazama udongo bora wa mlimani ukifunikwa kwa vigae. Tunasema tunalinda asili yetu. Hatulindi chochote. Asili ya kihamba ni kulimwa. Mwenye mshahara asiyekusudia kulima amwachie anayelima, kwa maandishi, na abakize chumba cha kufikia na mahali pa kuzikwa. Kama roho inamuuma kutoa bure, akodishe kwa nduguye kwa mkataba wa miaka mingi, ili huyo apande mbuni bila hofu ya kuamshwa kesho na fundi wa matofali.

Na tukome kuwafundisha watoto kwamba shamba ni adhabu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule iandae watu wa kuishi na kufanya kazi vijijini, na tukalichukua shamba la shule tukaligeuza mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba. Nyumbani tukaongeza: soma mwanangu, usije ukaishia kulima. Mtoto akatusikia. Miaka 20 baadaye tunamuuliza kwa mshangao kwa nini hataki kurudi.

Wazee wangu, baba zangu na mama zangu, nawaomba kwa heshima yote mnayostahili. Hamna haja ya kusubiri kuugua. Waiteni watoto wote, wa kiume na wa kike, waliooa na walioolewa na waliorudi, mkiwa na akili timamu na sauti inayosikika. Muulizeni kila mmoja mbele ya wenzake: nani kati yenu atalima hapa? Atakayeinua mkono mpeni eneo aanze kuamua mwaka huu, mwacheni akosee mkiwa mnaona, na mwekeni kwenye daftari la chama cha msingi. Kisha nendeni ofisi ya kijiji mkaandike majina, na jina la anayelima liwe la kwanza, awe mwana au binti.